Nani aliyetufinyanga? Falsafa ya Magharibi katika fikra, dini na utaifa wa Mjaluo

Mwanafunzi mmoja wa shule ninayofundisha, hapa bondeni Lambwe, aliniuliza swali ambalo sikulijibu siku ile, na ambalo tangu hapo halijaniacha. Tulikuwa tukisoma habari za malale. Nilikwisha kueleza jinsi mbung'o anavyomuuma mnyama mwenye vimelea, kisha akamuuma mtu, na vimelea vile vikaingia damuni. Kijana akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "babu yangu hakatai kwamba malale huletwa na mbung'o. Lakini anasema kwamba mwaka 1980 yeye na nduguye walikuwa wakichunga pamoja katika vichaka vilevile, na mbung'o wakiwauma wote wawili. Aliyeugua ni nduguye peke yake. Babu huuliza: kwa nini yeye, na si mimi? Je, swali hilo ni ujinga ama ni falsafa?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilijifanya kutazama saa, nikasema kwamba kipindi kimekwisha, nikakusanya vitabu vyangu nikatoka. Msomaji ambaye ni mwalimu atanielewa: hakuna kimbilio jepesi kuliko kengele.

Malale si jambo la kitabuni kwetu. Anayelijua bonde hili, lililokaa baina ya milima ya Gwasi na ukingo wa Kanyamwa, anajua kwamba mbung'o waliwahi kuamua nani aishi wapi na nani afuge nini. Sehemu ya bonde ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, maskani ya korongo, swala wale wakubwa ambao hawapatikani tena porini kwingineko nchini Kenya. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeushinda ugonjwa huo kiasi cha kutokuwa tena tatizo la afya ya umma. Huo ni ushindi wa sayansi, na aubezaye hajawahi kuketi kando ya mgonjwa wa malale. Hata hivyo, ushindi huo haukuligusa swali la babu.

Mwanaanthropolojia Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alikutana na swali la aina hiyo miongoni mwa Wazande wa Sudan, akalieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1937. Ghala la nafaka likianguka na kuwaumiza waliojipumzisha kivulini mwake, Mzande anajua fika kwamba nguzo zililiwa na mchwa. Analouliza ni kwa nini ghala lianguke saa ile ile ambapo watu fulani, na si wengine, wamekaa chini yake. Evans-Pritchard alitambua kwamba hapa pana maswali mawili, na kwamba jibu la mchwa hulijibu moja tu. Mtaalamu huyo alifika Ujaluoni mwaka 1936, akaandika juu ya koo na ndoa zetu. Yamkini angalimsikiliza babu wa mwanafunzi wangu kwa adabu kuliko tulivyofanya sisi darasani.

Kicheko kile ndicho kiini cha makala haya. Wanafunzi wangu walikitoa wapi? Hawajapata kusoma falsafa hata ukurasa mmoja. Wamezaliwa Lambwe, wakakulia Lambwe, na babu zao wanauliza maswali kama hayo jioni baada ya jioni. Nani aliyewafundisha kwamba swali la babu ni la kuchekwa?

MIZANI ILIYOTOKA NG'AMBO

Mizani tunayoyapimia mawazo ya wazee wetu haikuchongwa hapa. Mwanafalsafa Mjerumani, Hegel, katika mihadhara yake ya historia mjini Berlin iliyochapishwa mwaka 1837 baada ya kufa kwake, aliitoa Afrika katika safari ya akili ya mwanadamu. Kwake, bara hili halikuwa na historia ya kusimuliwa. Mwaka 1910 Mfaransa Lucien Lévy-Bruhl akaandika kwamba watu wa jamii alizoziita za chini hufikiri kwa namna isiyofuata mantiki. Lévy-Bruhl mwenyewe aliilegeza kauli hiyo uzeeni, lakini neno likishatoka halirudi kinywani.

Hakuna babu yetu aliyemsoma Hegel. Mawazo hayo hayakuja yakiwa vitabuni. Yalikuja yakiwa desturi. Yalikuja katika macho ya mkuu wa wilaya, katika fomu ya mkaguzi wa shule, na katika mahubiri ya padri. Falsafa huingia katika nchi kama maji yapenyavyo ukuta wa udongo: huoni yalikopitia, unaona tu kwamba ukuta umelowa.

Ni haki kusema pia kwamba maji hayo yalimea vitu. Mwaka 1906 Waadventista wakiongozwa na Arthur Carscallen walifika Gendia, kwenye pwani ya ziwa karibu na Kendu Bay. Mwaka uo huo Waanglikana wakafungua shule Maseno. Mwaka 1913 mtambo wa kuchapa ukaanza kazi Gendia. Agano Jipya kwa Kijaluo likatoka mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1953. Humo mlikuwamo fikra kubwa ya Ulaya tangu enzi ya Matengenezo ya Kanisa na ya mwanafalsafa John Locke: kwamba kila mtu ana dhamiri yake, na ana haki ya kulisoma neno na kulipima mwenyewe.

Waliotuletea fikra hiyo huenda hawakutazamia matunda yake. Yohana Owalo alipita katika Ukatoliki na Uanglikana, akajadiliana hata na Waislamu, kisha akajitenga. Kufikia mwaka 1914 alikuwa na kanisa lake, Nomiya, ambalo ni miongoni mwa makanisa ya kwanza kabisa ya Waafrika nchini Kenya. Jina hilo lina maana ya "nimepewa." Kwa tamko hilo alidai kwamba amepewa na Mungu pasipo kumpitia Mzungu yeyote. Mwaka 1921 wasomi wa Maseno wakaanzisha chama cha vijana kilichojulikana kwa wananchi kama Piny Owacho, yaani "nchi imesema," wakidai kodi ipunguzwe na ardhi ilindwe. Dhamiri ya mtu binafsi na sauti ya nchi ni mawazo mawili ambayo falsafa ya Magharibi iliyapalilia kwa karne kadhaa. Mjaluo aliyapokea, akayageuza kuwa jembe la kulimia shamba lake mwenyewe.

MUNGU ALIYEVISHWA JOHO LA KIYUNANI

Hakuna aliyeona upande wa pili wa jambo hili kwa ukali kuliko Okot p'Bitek, Mluo wa Uganda kwa kabila la Waacholi, aliyezaliwa Gulu mwaka 1931 na kufariki mwaka 1982. Wengi wanamjua kama mshairi. Wachache wanakumbuka kwamba alisomea sheria katika chuo kikuu cha Aberystwyth, nchini Wales, kisha anthropolojia Oxford, na kwamba mwishoni mwa miaka ya 60 alifanya kazi Kisumu, karibu nasi kabisa. Katika kitabu chake juu ya dini za Kiafrika katika usomi wa Kimagharibi, na kingine juu ya dini ya Waluo wa Kati, vyote vilivyotoka mwanzoni mwa miaka ya 70, aliwashambulia wamisionari na pia wasomi wa Kiafrika waliowafuata. Aliwashitaki kwamba wameichukua miungu ya Afrika, wakaivisha majoho ya Kiyunani, kisha wakaitembeza mbele ya wageni ili ionekane yenye heshima.

Mfano wake mashuhuri ni wa mapadri wa Kiitalia waliowauliza wazee wa Kiacholi, mwaka 1911, ni nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na neno la kuumba kitu kutokana na utupu. Swali likageuzwa likawa: nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa, kwa sababu mtu hafinyangwi kama chungu. Mtu huzaliwa na mama yake. Waliposhinikizwa wajibu, wakakumbuka kwamba mtu akipatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, hupinda akawa na kibyongo, na nguvu inayompinda hivyo huitwa Rubanga. Basi mapadri wakaandika kwamba Muumba wa Waacholi ni Rubanga, na hilo ndilo jina lililohubiriwa.

Nimesimulia kisa hiki darasani mara nyingi, na wanafunzi hukifurahia. Lakini tusikimbilie kicheko tena. Okot alikuwa akionyesha jinsi swali linavyoweza kulilazimisha jibu. Ukimuuliza mtu swali ambalo lugha yake haikuwahi kuliuliza, atakupa jibu ambalo yeye mwenyewe hakuliamini. "Muumba wa vyote kutoka utupu," "Asiyebadilika," "Mwenyezi asiye na mwili": maelezo haya yana mizizi Yerusalemu, lakini yana mizizi Athene pia.

Okot hakuachwa aseme peke yake. Profesa Bethwell Ogot, mwanahistoria wetu aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 2025, alikuwa ameandika mwaka 1961 juu ya dhana ya jok, akaiona kama nguvu moja inayopenya katika kila kilichopo. Okot alikataa: kwake jok ni wengi, kila mmoja na kazi yake na balaa yake, na mtu hutaka kujua ni yupi aliyemdhuru leo. D. A. Masolo, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu falsafa ya Afrika inayojitafutia utambulisho, aliupima ubishi huo na kuonyesha jinsi fikra za padri wa Kibelgiji, Placide Tempels, aliyeandika juu ya falsafa ya Wabantu huko Kongo mwaka 1945, zilivyochangia namna sisi Waluo tulivyojisoma. Hebu fikiri, msomaji: hata tulipoketi kubishana juu ya mizimu ya babu zetu, kulikuwa na Mbelgiji mmoja chumbani.

Wapo ambao hawakungoja ubishi wa maprofesa umalizike. Mwanzoni mwa miaka ya 60 Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko waliwaongoza maelfu kutoka Kanisa Katoliki, wakaanzisha Legio Maria. Mlima wao mtakatifu, Got Kwer, uko Migori, na Ondeto alizikwa huko mwaka 1991. Wasomi wengi huwatazama kama watu wa ngoma na maono tu. Mimi naona hoja. Tangu Descartes katika karne ya 17, Magharibi iliuzoea mpaka baina ya mwili na roho: mwili apewe daktari, roho apewe padri. Shule na misheni zikatufikia zikiwa zimejengwa juu ya mpaka huo. Legio walikataa kumgawa mgonjwa vipande viwili. Si lazima nikubali imani yao, na mimi ni mtu wa kanisa lingine, ili nitambue kwamba wamelijibu swali la kifalsafa kwa matendo.

ODERA ORUKA NA WAZEE WALIOKATAA

Tukifika hapa, kijana wangu angeuliza: basi, mwalimu, chaguo letu ni ama kucheka na Mzungu, ama kuabudu kila alilosema babu? Aliyelijibu swali hilo kwa ufasaha zaidi ni Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya, Siaya, mwaka 1944. Alisoma Uppsala, Uswidi, kisha Marekani, akajiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, akafariki mwaka 1995 baada ya kugongwa na gari jijini Nairobi. Oruka hakuridhika na Hegel. Lakini hakuridhika na Tempels pia, kwa kuwa Tempels na wafuasi wake huzungumza kana kwamba kabila zima lina wazo moja, na hakuna mzee aliyewahi kumpinga mzee mwenzake.

Akafanya jambo jepesi ambalo hakuna aliyelifanya kwa utaratibu kabla yake. Alikwenda vijijini, akaketi na wazee mmoja mmoja, akawauliza, akawabishia, akaandika majina yao pamoja na majibu yao. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alitenga makundi mawili. Kuna mzee ambaye ni hazina ya mila: anajua kila mwiko na kila methali, lakini hawezi kutoka nje ya mila akaitazama. Na kuna mzee ambaye anaijua mila vilevile, kisha anauliza kama ni ya haki, kama ina maana, na kama ishikwe au iachwe. Huyo wa pili, alisema Oruka, ni mwanafalsafa, hata kama hajui kusoma. Socrates mwenyewe hakuacha maandishi.

Paul Mbuya Akoko alimwambia kwamba Wajaluo walikosea walipodhani kuwa Mungu wao ni wao peke yao. Mungu ni mmoja kwa watu wote, na ushahidi wake ni kwamba maumbile yanakwenda kwa utaratibu mmoja, ilhali miungu wengi wenye nguvu sawa wangeyavuruga. Oruka Rang'inya, ambaye ndiye baba mzazi wa mwanafalsafa huyo, alikwenda mbali zaidi: kwake Mungu ni wazo, wazo la wema, lenye manufaa kwa kuwaongoza watu. Wazee wawili wa kabila moja, na kila mmoja amemkana mwenzake na ameikana mila. Wako wapi wale watu wasio na mantiki?

Wakosoaji walisema kwamba falsafa hiyo ni ya Oruka mwenyewe aliyewachokoza wazee kwa maswali ya Uppsala. Hoja hiyo ina uzito, na kisa cha Rubanga kinatukumbusha hatari yake. Lakini kuna tofauti. Mapadri waliuliza mara moja, wakaandika jibu, wakaondoka. Oruka aliuliza, akapinga, akapingwa, akarudia. Swali linalokubali kupingwa halimfinyangi mtu, linamnoa.

Na falsafa hizi mbili zilipata kukutana hadharani, mahakamani. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui, alitaka amzike karibu na Nairobi, akidai kwamba marehemu alikuwa mtu wa kisasa aliyeamua mambo yake mwenyewe. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Odera Oruka alikuwa miongoni mwa walioitwa kizimbani kueleza fikra na mila za Wajaluo. Upande mmoja ulisimama mtu binafsi, yule wa Locke na wa John Stuart Mill. Upande wa pili ulisimama mtu ambaye hawi mtu ila kwa ukoo wake. Ukoo ukashinda, na mazishi yakafanyika Mei 1987. Hadi leo nikiwapa wanafunzi mjadala huu darasa hugawanyika, na mara nyingi wasichana hukaa upande mmoja na wavulana upande mwingine. Hilo peke yake ni somo.

NANI AMEZE NANI?

Limebaki suala la utaifa, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana nina la kuungama.

Mill huyohuyo, mtetezi mkubwa wa uhuru wa mtu binafsi, aliandika mwaka 1861 kwamba ni heri Mbretoni au Mbaski amezwe na taifa kubwa la Ufaransa kuliko kubaki kwenye miamba yake akiwa masalia ya kale. Na kwamba hali ni hiyo hiyo kwa Mwelisi ndani ya Uingereza. Miaka 14 kabla yake, mwaka 1847, tume ya serikali ilikwisha kutoa ripoti iliyoilaumu lugha ya Kiwelisi kuwa ndiyo kizuizi cha maendeleo na maadili ya Wales. Katika shule kadhaa za nchi hiyo mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake alivishwa kibao shingoni. Alikivaa mpaka amsikie mwenzake akikosa, amkabidhi. Na aliyekutwa nacho mwisho wa siku aliadhibiwa.

Mwalimu wa Kenya asomaye habari hiyo hahitaji kufafanuliwa. Nami nilikivaa kibao. Nilikuwa darasa la nne, katika shule moja ya wilaya hii nisiyoitaja, na kosa langu lilikuwa kumwambia mwenzangu kwa Kijaluo kwamba nyoka yuko nyuma yake. Hilo nimelisimulia mara nyingi, na kila mara nimejisikia kuwa mdhulumiwa. Ambalo sijapata kulisimulia ni kwamba nilipoajiriwa kuwa mwalimu, nilikichonga kibao kwa mkono wangu, nikatoboa tundu, nikapitisha uzi, nikawavisha watoto wa wengine kwa miaka 3. Niliamini nawasaidia. Hakuna mkuu wa wilaya aliyenishika mkono.

Tena kuna la ndani zaidi. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Msuba. Wasuba ni watu wa asili ya Kibantu ambao kwa vizazi kadhaa wameishi visiwa vya Rusinga na Mfangano, Gwasi na mwambao huu, na ambao wengi wao sasa wanasema Kijaluo. Kwetu hakuna aliyejifunza Kisuba. Nikiwa mtoto nilimsikia bibi akizungumza peke yake jikoni, akichochea kuni, nikamuuliza mama anasema na nani. Mama akanijibu kwamba bibi anasema "lugha ya zamani." Nasi watoto tukamwiga tukicheka.

Mwanafalsafa wa Wales, J. R. Jones, aliyefundisha Swansea na kuandika mwaka 1966 kitabu kuhusu dhana ya Uingereza inavyoyafunika mataifa madogo, alisema kwamba taifa huzaliwa pale ardhi na lugha zinapopenyezana. Akaongeza mahali pengine kwamba uchungu wa mtu kuihama nchi yake si kitu mbele ya uchungu wa nchi kumhama mtu angali ameketi kwake. Niliposoma hayo nilimwona bibi jikoni. Nchi ilimhama akiwa Lambwe, mbele ya jiko lake, na waliomwondolea hawakuwa Waingereza. Tulikuwa sisi, Wajaluo, tunaolalamika kila siku kwamba tumemezwa. Nyani haoni kundule.

Huu ndio mtego wa hoja ya Mill. Ukishaikubali, haina mwisho. Heri Msuba awe Mjaluo. Heri Mjaluo awe Mkenya tu. Heri Mkenya awe nakala ya Mwingereza. Kila samaki anafurahia hoja hiyo mpaka aonapo mdomo ulio nyuma yake. Lakini hoja ya upande wa pili, ile ya Mjerumani Herder kwamba kila kabila lina roho yake ndani ya lugha yake, nayo ina mtego: imewahi kutumiwa na wanasiasa kuwaambia watu wa lugha moja kwamba jirani wa lugha nyingine ni mgeni, na nchi hii ilionja machungu ya jambo hilo mwaka 2007 na 2008. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, ng'ambo tu ya Mbita, na Oginga Odinga walitofautiana vikali juu ya mali, dola na ujamaa. Waraka wa serikali wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika ulikuwa uwanja wao mmojawapo. Lakini wote wawili walijua kwamba mtu anaweza kuwa na lugha ya mama na kuwa na nchi kubwa kuliko lugha hiyo.

Wales yenyewe haikumalizika kama Mill alivyotazamia. Sheria ya mwaka 1993 iliipa lugha hiyo nafasi sawa katika ofisi za umma, bunge lao likaanza kazi mwaka 1999, na sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wasemaji wapatao 538,000. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na ilinde lugha za wananchi. Kibao shingoni mwa mtoto ni uvunjaji wa moyo wa katiba hiyo, na wapo walimu wanaokitumia hadi leo.

KWA JADUONG'

Wiki mbili baada ya swali lile, nilimwomba mwanafunzi anipeleke kwa babu yake. Tulimkuta chini ya mti akisuka kamba. Nilimsalimu, nikaketi chini yake kama inavyopasa, nikamwambia, "Jaduong', nimekuja kuuliza juu ya ndugu yako."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Japuonj, watu walikuwa na jibu. Walisema mke wa jirani ndiye aliyewatuma mbung'o, kwa kuwa aligombana na ndugu yangu juu ya mpaka wa shamba. Vijana walikwisha kushika marungu. Wakanitaka niongoze, maana mimi ndiye niliyefiwa."

"Ukafanyaje?"

"Niliwauliza: ng'ombe wa kwanza kufa kwa mbung'o hapa walikuwa wa nani? Wote wakajua walikuwa wa mama huyo. Alikuwa na ng'ombe 4, akabaki bila hata mmoja. Nikawaambia, mwenye kuwatuma mbung'o hushindwa vipi kuwazuia wasile zizi lake? Hawakuwa na la kusema. Wakaenda zao."

"Na swali lako, kwa nini yeye na si wewe?"

"Nalo bado liko," akasema. "Sikupata jibu. Lakini afadhali nikae na swali kuliko kukaa na damu ya mama wa watu."

Mwanafunzi aliniangalia. Alikuwa hajapata kusikia sehemu hiyo ya kisa, kwa sababu alikuwa hajapata kuiuliza.

Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaosoma gazeti hili maktabani, nina ombi moja. Mwalimu wa somo lolote awape wanafunzi wake kazi ya likizo: kila mmoja aketi na mzee mmoja, wa kike au wa kiume, amuulize jambo ambalo jamii yake iliamini na yeye hakuliamini. Lisiwe swali la nani aliyetufinyanga, maana hilo tumeulizwa vya kutosha. Liwe: wewe ulikataa nini, na kwa sababu gani? Majibu yaandikwe kwa lugha ileile aliyoyasemea mzee, iwe Kijaluo, Kisuba, Kikuria au Kiswahili, na jina lake liandikwe juu, akiridhia. Tusome Locke, Hegel na Mill, na tuwasome kwa bidii, lakini tuwasome kama watu waliotoa hoja, wanaoweza kujibiwa na mtu aliyeketi chini ya mti Lambwe.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nilimrudishia mwanafunzi jibu lake Jumatatu iliyofuata, mbele ya darasa lilelile: swali la babu yako ni falsafa, na babu yako alilitumia kuokoa maisha ya mtu. Safari hii hakuna aliyecheka.